Umeme wa Nyumbani

Mtaa mzima walimwita Mzee Koili, na mwenyewe aliitika bila kununa, maana jina lenyewe alilitafuta. Ukimpelekea redio, feni au mashine ya kusagia juisi, kabla hujamaliza salamu alikuwa ameshauliza, "Koili yake nzima?" Kinyozi wa chumba cha pili kutoka karakana yake alimtania kila siku. Siku moja alipita mtu na mwavuli uliovunjika mbavu, kinyozi akapaza sauti akiwa na wembe mkononi, "Mpe mzee huyo, atautafutia koili!" Wote wakacheka, na Mzee Koili akacheka kuliko wote.

Kazi yake ilikuwa kusuka. Si nywele wala mikeka, bali koili za waya wa shaba. Mota ikiungua, au transfoma ikianza kunuka, watu walimletea yeye. Aliufumua waya wote uliogeuka mweusi, akakisafisha kiini cha chuma, kisha akasuka waya mpya tabaka juu ya tabaka, na karatasi katikati ya kila tabaka, mpaka kitu kilichokufa kikaamka. Mashine ya kusukia aliitengeneza mwenyewe kutokana na cherehani kuukuu. Mkono wa kulia ulizungusha gurudumu, wa kushoto ukaongoza waya katikati ya kidole gumba na cha shahada. Ngozi ya hapo ilikufa zamani, hata kaa la moto angelishika bila kuruka. Akiwa anasuka hasemi na mtu. Midomo inahesabu mizunguko, na ole wako umpotezee hesabu.

Mkewe peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kumkatisha. Alikuwa akija na kikombe cha chai, akakiweka juu ya meza ya kazi palepale pasipotakiwa, akaanza kusimulia habari za jirani, na Mzee Koili akaacha mashine, akasikiliza, kisha akaanza hesabu upya bila kunung'unika. Sasa mke huyo alikuwa kaburini. Mazishi yake yalihudhuriwa na mtaa mzima, isipokuwa mtu mmoja aliyetakiwa kuliko wote.

Mtu huyo ni mwanawe wa kiume. Tangu utotoni walimwita Nyuzi, kwa sababu ya gitaa. Akiwa bado mvulana, baba yake alimtengenezea amplifaya ya kwanza ya kukuzia sauti ya gitaa kutokana na redio iliyotelekezwa na mteja, na kwa amplifaya hiyo Nyuzi aliwatia wazimu majirani, kisha akawafanya wamsifu, kisha akaondoka. Aliondoka na bendi kwenda kupiga muziki nchi ya mbali kwa msimu mmoja. Msimu ukaisha, bendi ikarudi, yeye akabaki. Alifanya kazi za kuosha vyombo mchana na kupiga gitaa jioni. Mama yake alipofariki, karatasi zake za kuishi kule zilikuwa hazijakaa sawa, na aliambiwa kwamba akitoka mlangoni asitegemee kuingia tena. Akaona mazishi ya mama yake kwenye simu ambayo dada yake aliishika juu ya vichwa vya watu. Mtandao ulikata mara kwa mara. Jeneza lilipokuwa likishushwa, picha iliganda, na ilipofunguka tena watu walikuwa wanakung'uta udongo mikononi.

Tangu siku hiyo Mzee Koili alibaki na haja moja tu duniani. Alitaka mwanawe arudi kukaa nyumbani kabla na yeye hajafuata njia hiyo hiyo. Hakuwahi kuisema haja hiyo kwa mtu yeyote. Lakini binti yake mkubwa, ambaye ni mshonaji na alipita kila mchana kumletea chakula, aliiona wazi usoni mwake.

Siku ujumbe wa sauti ulipoingia kwenye simu, Mzee Koili aliusikiliza akiwa amesimamisha mashine. "Baba, shikamoo. Nakuja nyumbani. Amplifaya yangu nimeitanguliza, kuna rafiki yangu anasafirisha mizigo kwa meli. Ikifika, naomba uifanyie mpango ipige umeme wa hapo nyumbani. Nimewakumbuka sana."

Aliusikiliza tena. Akampelekea kinyozi, naye akausikiliza. Akampigia binti yake, akaweka simu mbili pamoja ili naye ausikie.

"Umesikia?" alisema. "Katanguliza chombo chake cha kazi. Mtu anayekuja kutembea anakuja na begi la nguo."

"Nimesikia, Baba. Lakini hakusema atakaa mpaka lini."

"Seremala akihamisha randa yake, utamuuliza anakaa mpaka lini?"

Binti akaliacha hapo. Hakutaka kumwaga maji kwenye moto ambao baba yake alikuwa anauota baada ya baridi ya muda mrefu.

Amplifaya ilifika ndani ya sanduku la mbao, imefungwa kwa mablanketi makuukuu. Ilikuwa ya zile za zamani zinazotumia valvu, zile taa ndogo za vioo zinazowaka rangi ya chungwa kama zinafikiri. Ngozi nyeusi iliyoifunika ilikuwa imechubuka kwenye kona, na mpini wake ulikuwa umefungwa utepe mara nyingi. Mzee Koili aliizunguka, akaipapasa, akainusa. Ilinuka moshi wa sigara na jasho la watu asiowajua. Nyuma yake palikuwa na kibati kidogo kilichoandikwa volti mia na kumi.

Hapo ndipo penye kazi. Umeme wa kule ni mia na kumi, wa hapa ni zaidi ya mara mbili yake. Ukiichomeka hivihivi, kufumba na kufumbua moshi unatoka, na kilio chake unakisikia mara moja tu. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni rahisi: unanunua kiboksi cha kushusha umeme, unakiweka kati ya ukuta na amplifaya, na siku mwenye mali akiondoka anakichomoa, anakwenda zake. Ya pili ni kuingia ndani, kuitoa ile transfoma kubwa inayopokea umeme, na kuisuka upya ili ikubali umeme wa hapa. Ukishafanya hivyo, amplifaya imekuwa ya hapa. Kule haitalia tena kama inavyotakiwa.

"Baba, nunua tu kiboksi," alisema binti. "Fundi wa simu pale kona anavyo."

"Kiboksi ni cha mgeni," alisema Mzee Koili. "Mwanangu si mgeni."

Basi akaifungua. Kwanza alichomoa kila waya, akachukua bisibisi yenye mpini wa mpira na kuzigusanisha kwayo ncha mbili za kapasita kubwa, cheche ikaruka, maana vyombo vya namna hii huficha umeme tumboni hata vikiwa vimezimwa, na mafundi wenye haraka hawazeeki. Akachora kwenye kipande cha boksi kila rangi ya waya na mahali inapokwenda. Akayeyusha risasi kwenye maungio moja baada ya jingine, akaitoa transfoma, nayo ilikuwa nzito ya kujaza viganja viwili.

Waya wa kupokelea umeme huwa umesukwa kwanza kabisa, ndani, chini ya mingine yote. Kuufikia ni lazima ufumue kila kilicho juu yake. Aliyachomoa mabati membamba ya kiini moja moja kwa kisu, akayapanga kwenye gazeti kwa mpangilio wake. Akafumua waya wa kuwashia valvu, akafumua waya mwembamba wa volti kubwa, akafika ndani. Kisha akaanza kusuka. Alichagua waya mwembamba kuliko ule wa mwanzo, kwa mizunguko zaidi ya mara mbili, na alisuka taratibu kama mtu anayekula kitu asichotaka kiishe. Kinyozi alikuja mlangoni na mzaha wake, akamwona midomo inavyotembea, akarudi zake akinyata.

Transfoma ilipokwisha kupakwa vanishi, aliikausha ndani ya boksi lenye balbu ya joto. Wakati ikikauka alienda nyumbani akapaka rangi chumba cha mwanawe. Alibadilisha bawaba ya mlango iliyokuwa ikilia. Alinunua godoro jipya na kulilalia yeye kwanza kuona kama halimwumizi mtu mgongo. Binti alipomkuta amelala pale mchana kweupe, viatu vikiwa miguuni, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akatoka nje haraka kwa sababu kicheko kilikuwa kinageuka kuwa kitu kingine.

Siku ya kuijaribu, Mzee Koili alipitisha umeme kwanza kwenye balbu, kama desturi yake. Kukiwa na kosa, balbu huwaka kwa nguvu na kubaki hivyo. Ikawaka, ikafifia, ikatulia. Akaondoa balbu, akaunganisha moja kwa moja. Valvu zikaanza kuona haya, zikawa nyekundu, zikawa za chungwa. Spika ikatoa mngurumo mdogo wa chini, mzuri, wa chombo kilichoridhika. Mzee Koili alikaa mbele yake akiwa hana hata gitaa la kuchomeka, akausikiliza mngurumo huo kwa furaha tupu.

Nyuzi alifika na gitaa mgongoni na begi moja.

Begi hilo Mzee Koili aliliona, na moyo ukamwambia jambo, akaunyamazisha. Nguo hununuliwa popote. Alimwangalia mwanawe, jitu zima lenye mvi mbili tatu kwenye ndevu, akamkumbatia, akasahau la begi. Walikwenda kwanza makaburini, wakasimama pale, na Nyuzi alilia kwa sauti kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Baba yake alimshika bega.

Siku ya pili yake Nyuzi alipiga gitaa karakanani. Alichomeka, akazungusha kitufe kidogo, akagusa uzi mmoja. Lo! Sauti ilitoka nene, yenye ukwaruzo kidogo mwishoni, sauti ya mtu mzima aliyelia akamaliza. Kinyozi alikuja mbio na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa. Wapita njia wakasimama. Binti aliacha cherehani yake, akaja na futi ya kupimia ikiwa shingoni, akaegemea nguzo. Nyuzi akapiga nyimbo ambazo mama yake alizipenda, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyepiga makofi, maana kila mtu aliona aibu kukatiza.

"Baba, umeipa nini?" aliuliza alipomaliza. "Kule haikuwahi kulia hivi."

"Nimeipa umeme wa nyumbani," alisema Mzee Koili, akajifanya anatafuta koleo chini ya meza.

Majuma yaliyofuata yalikuwa matamu, na hapa sina haja ya kutia chumvi. Asubuhi walitoka pamoja, mzee mbele, kijana nyuma. Nyuzi alikaa kwenye kigoda karakanani, akipiga polepole wakati baba yake anasuka, na kwa mara ya kwanza Mzee Koili aliweza kuhesabu huku kuna mtu anafanya kelele. Alianza kusafisha kona ya karakana iliyojaa makasha ya redio mbovu. Alimwambia kinyozi kwamba pale patawekwa viti, vijana wa mtaani waje wafundishwe gitaa. Kinyozi akasema yeye atakuwa mwanafunzi wa kwanza, vidole vyake vimezoea nywele, nyuzi ni zilezile. Nyuzi mwenyewe wala hakuambiwa. Mzee alitaka kwanza kona iwe safi.

Lakini kulikuwa na simu. Nyuzi akipigiwa alitoka nje, akaongea lugha ya kule, akitembea huku na huku mbele ya duka la kinyozi. Akirudi hakuwa mchangamfu. Mzee Koili alijitia hamnazo. Aliongeza sauti ya redio iliyokuwa mezani, akauliza kama mtu ana njaa.

Siku moja alasiri alirudi kutoka kununua waya, akamkuta mwanawe amepiga magoti nyuma ya amplifaya, anapapasa ukutani.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Natafuta kile kiboksi cha kushusha umeme, Baba. Nataka kukitoa nione uzito wa amplifaya peke yake. Watu wa mizigo ya ndege wameniuliza."

Mzee Koili aliweka mzigo wake wa waya juu ya meza.

"Hakuna kiboksi," alisema.

"Sasa imekuwa ikipigaje?"

"Transfoma nimeisuka upya. Imekuwa ya huku."

Nyuzi alibaki kwenye magoti yake. Uso ulimbadilika pole pole, akaangalia amplifaya, akaiangalia ile kona iliyofagiliwa, akamwangalia baba yake. Hakuwa mjinga. Yote aliyaelewa kwa pamoja, na yalimwelemea.

"Baba," alisema, "ulidhani nimerudi moja kwa moja?"

"Uliniambia ipige umeme wa nyumbani."

"Nilikuwa nasubiri karatasi za kurudi kule. Nilijua zitachelewa, nikasema nisikae bila kupiga, mkono utakufa. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Zimetoka. Kuna bendi imenichukua, Baba, bendi ya kweli, si ya kupiga kwenye hoteli watu wanakula. Naondoka mwisho wa juma."

Mzee Koili aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akausogeza mzigo wa waya, akaurudisha palepale. Halafu alisema, "Hii si ungeiacha hapa, ukanunua nyingine huko?"

"Wamenichukua kwa sauti hii, Baba. Walinisikia nayo. Ndiyo sauti yangu." Kisha akauliza kwa woga, "Inaweza kurudishwa kama ilivyokuwa?"

Sasa sikiliza. Huyu kijana alijua nyuzi sita za gitaa, na zaidi ya hapo, kuhusu umeme, alijua kuwasha na kuzima. Neno lolote ambalo baba yake angelisema, angeliamini. Angeambiwa haiwezekani, chuma kimeshazoea, waya wa kule haupatikani. Angeahirisha safari. Bendi ingemngoja kidogo, kisha ingechukua mtu mwingine, na yeye angekaa kwenye kigoda. Uongo huo ulikuja mpaka kwenye ulimi wa Mzee Koili, akauonja, na ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote alichokionja tangu mkewe afe.

"Inawezekana," alisema.

Binti alipopata habari alikuja na hasira za kutosha watu wawili. Alimkuta baba yake peke yake, ameshaitoa transfoma, anakwangua vanishi yake mwenyewe kwa kisu.

"Baba, mwambie. Mwambie unataka akae. Utakufa nalo hilo jambo moyoni."

"Nikimwambia atakaa."

"Si ndiyo unachotaka?"

"Atakaa kwa sababu hakuwepo siku ya mama yake," alisema Mzee Koili. "Atakaa pale kwenye kigoda kama mtu anayelipa faini. Nitamwona kila siku anatazama barabara. Sitaki mlinzi wa kaburi langu, mama. Nilitaka mtoto."

Binti alivuta kigoda, akakaa, akamshikia mwisho wa waya.

Kufumua kazi ya mtu mwingine ni kazi tu. Kufumua yako mwenyewe, uliyoisuka kwa moyo mweupe, hiyo ni adhabu, na sijui nani aliyemhukumu. Kila tabaka lilitoka limenyooka, waya umelala kando ya waya bila kupandana hata mahali pamoja. Ilikuwa ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na aliivuta chini, ikajikunjakunja sakafuni kati ya miguu yake. Binti alipoondoka, machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa shati, akaendelea kuvuta.

Lakini alipofika kwenye chuma kitupu hakuisuka kama ilivyokuwa ilipotoka kule. Aliisuka kwa namna ambayo fundi yeyote mwenye akili zake angeisuka tangu mwanzo, namna ambayo yeye mwenyewe aliifikiria siku ile ya kwanza akaifukuza kwa sababu haikupendeza matumaini yake. Aligawa waya wa kupokelea umeme katika nusu mbili zilizo sawa. Nusu hizo zikiunganishwa ubavu kwa ubavu, amplifaya inakubali umeme wa kule. Zikifuatana moja nyuma ya nyingine, inakubali wa hapa. Nyuma, chini ya kile kibati, alitoboa tundu, akaweka swichi ndogo ya kusukuma. Juu na chini yake alikwangua alama kwa msumari, ya kule na ya hapa.

"Ukiwa kule, isukume juu," alimwambia Nyuzi. "Ukija nyumbani, kabla hujachomeka chochote, ishushe chini. Usisahau, ukisahau itaungua. Lakini ukikumbuka, itapiga kote."

"Sitasahau, Baba."

"Hata ukija baada ya miaka mingi."

"Hata baada ya miaka mingi."

Nyuzi alipiga kwa mara ya mwisho pale karakanani, swichi ikiwa chini. Alipiga wimbo mmoja tu, mfupi, mikono yake haikuwa na raha. Alipozima, Mzee Koili alichukua bisibisi, akainama kwa taabu, akaisukuma swichi juu kwa mkono wake mwenyewe, ikalia tiki. Halafu wakaifunga kwenye mablanketi yaleyale. Siku ya safari alimsindikiza hadi kwenye gari, akamfungia mlango, akaupiga kidogo kwa kiganja kama wanavyofanya makuli mzigo ukishakaa sawa.

Alirudi karakanani. Kinyozi alimkaribisha kunyoa ndevu bure, na Mzee Koili akakaa kwenye kiti, akanyolewa, na kinyozi yule ambaye hana dogo hakufanya mzaha hata mmoja. Kona ile ilibaki tupu kwa muda. Kisha makasha ya redio yakarudi, moja, mawili, bila mtu kuamua yarudi.

Simu kutoka kule zilikuwa fupi fupi mwanzoni. Nimefika salama, kuna baridi, tunafanya mazoezi. Kisha mchana mmoja simu iliita, binti akiwa anafungua chombo cha chakula, na sauti ya Nyuzi ilikuwa imechangamka mpaka ikasikika bila kuwekwa spika.

"Baba! Jana tumepiga ukumbi umejaa mpaka mlangoni! Watu wananiuliza amplifaya hii nimeitoa wapi. Nawaambia baba yangu ndiye aliyeisuka!"

"Haina mngurumo?"

"Hata kidogo."

"Haichemki?"

"Haichemki, Baba. Ila ile swichi ilitaka kuniponza. Mbeba vyombo aliisukuma bila kujua alipokuwa anapita nyuma yake tukiwa jukwaani. Katikati ya wimbo wa pili, sauti ikanyong'onyea, valvu zikafifia, watu wananitazama. Nilitamani ardhi inimeze."

"Ukairudisha juu?"

"Niliirudisha. Lakini leo asubuhi nimeipeleka kwa fundi wa huku. Ameitoa kabisa, ameunganisha nyaya moja kwa moja upande wa huku na tundu ameliziba. Sasa hakuna wa kuigusa tena." Mzee Koili aliketi kwenye kigoda. "Baba? Upo? Umechukia?"

"Nipo."

"Nilifikiri utachukia, ni kazi yako."

Mzee Koili aliangalia mikono yake. "Maungio ameyafunika vizuri?" aliuliza.

"Ameyafunika kwa mpira."

"Basi amefanya vizuri. Swichi jukwaani ni hatari. Mimi sikulifikiria hilo." Akazungusha gurudumu la mashine tupu. "Ni fundi mzuri huyo. Mwambie nimemsalimu."

Waliongea kidogo mambo ya baridi na chakula, wakaagana. Mzee Koili aliiweka simu kifudifudi juu ya meza. Binti yake alikuwa amesimama na kijiko mkononi, ameyasikia ya mwanzo tu.

"Amesemaje, Baba?"

"Amesema amefika."

"Si alifika mwezi uliopita?"

"Hapana," alisema Mzee Koili. "Amefika leo, moja kwa moja."

Akajifunika uso kwa viganja vyake vilivyonuka vanishi, na mabega yakaanza kutikisika. Hakuwa amelia mbele ya binti yake hata siku ya mazishi. Binti alikiweka kijiko chini, akaenda kuufunga mlango wa karakana ili wateja wasiingie, kisha akarudi akakaa karibu naye.